Mbea Ndani ya Jeli: Mwongozo kwa Mtafiti Asiye na Haraka

Ukinunua viatu vipya Kariakoo, ndani ya boksi, chini ya ile karatasi inayochakarisha, utakuta kipakiti cheupe chenye onyo kwamba usile. Sijawahi kukutana na mtu aliyetamani kukila kabla hajakatazwa. Ndani yake mna punje ngumu zinazometa kama chumvi ya mawe. Hiyo ni jeli ya silika, kavu kabisa, yenye vinyweleo vidogo mno na vingi mno, hata gramu moja tu inaweza kuwa na eneo la ndani la mamia ya mita za mraba. Kazi yake ni kunywa unyevu ili viatu visiote ukungu melini.

Lakini kipakiti ni uzee wake. Mwongozo huu unahusu ujana: ile saa ambayo kitu kilichokuwa kinamiminika kama maji kinaanza kusitasita, kinatikisika kama maziwa mgando, kisha unaipindua chupa juu chini na hakidondoki. Nini kimetokea ndani? Kuchungulia huwezi. Chembe zinazohusika zina upana wa nanomita chache, na unywele wako mmoja una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Wanasayansi walipokwama walifanya kile ambacho mtaa wowote hufanya ukitaka kujua yanayoendelea nyuma ya ukuta wa jirani: walimtuma mbea.

Mbea huyu ni molekuli ya rangi inayong'aa. Unampiga mwanga wa rangi moja, anaumeza, anakaa nao nanosekunde chache, kisha anautema ukiwa na rangi nyingine yenye nguvu pungufu. George Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1852. Kinachomfanya awe na faida ni kwamba hawezi kutunza siri: rangi anayoitema, muda anaokaa nayo na upande anaoutupia vinategemea majirani aliokuwa nao wakati ule. Ukijifunza kumsikiliza, utajua jeli inavyojijenga. Usipojifunza, utapata shahada kama mimi.

Hatua ya kwanza ni kuipika jeli yenyewe, na njia ni mbili. Njia ya maskini ni maji-kioo, yaani silikati ya sodiamu iliyoyeyushwa majini. Itie asidi, itaganda. Wala hii haihitaji maabara. Kule Ziwa Magadi, Kenya, ardhi inapika silikati za sodiamu bila ruzuku ya utafiti wala ripoti ya robo mwaka. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini mawili ya huko, magadiaiti na kenyaiti, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake wakaandika kuhusu jeli zilizokutwa ziwani hapo. Bibi yangu alitia magadi kwenye maharage miaka yote na hakuna jarida lililomwandikia barua ya kumtaka arekebishe mchoro namba 3.

Njia ya tajiri ni kuanza na tetraethili othosilikati, ambayo kwa kuwa jina lake linamaliza pumzi, watu wote huiita TEOS. Mkemia wa Ufaransa, Jacques-Joseph Ebelmen, aliandika mwaka 1846 kwamba esta za aina hii zikiachwa kwenye hewa yenye unyevu hugeuka taratibu zikawa kioo. Fani nzima, basi, ina mizizi yake katika kuacha chupa wazi na kungoja. Hili usiliandike kwenye ombi la fedha.

TEOS na maji hawapatani. Ukiwatia chombo kimoja, kila mmoja anakaa upande wake kama wakwe waliogombana. Anahitajika mshenga, na mshenga ni ethanoli. Tia ethanoli, tia tone la asidi, koroga. Molekuli ya TEOS ina silikoni moja katikati na mikono minne. Maji yanavunja mkono mmoja baada ya mwingine, na kila mkono unaovunjika unatoka ukiwa ethanoli. Kwa hiyo, tofauti na washenga tunaowafahamu, huyu haondoki baada ya harusi, na kila ndoa inazaa washenga wengine wanne. Silikoni zilizobaki na mikono mitupu zinashikana, na kila zinaposhikana zinarudisha maji kidogo. Vijikundi vinakuwa chembe, chembe zinakuwa minyororo, minyororo inakuwa wavu uliojaza chombo kizima.

Hapa sitanii: usije ukaibadilisha TEOS na ndugu yake wa methili kwa sababu tu inawahi kuganda. Mvuke wake unaharibu macho, na uharibifu huo hauna mzaha.

Ukitaka jeli ichelewe, weka pH karibu na 2. Ukitaka iwahi, sogea kwenye 5 au 6. Kwa vyovyote itaganda ukiwa umetoka kwenda kula.

Hatua ya pili ni kuchagua mbea, na hapa ndipo hatima yako inapoamuliwa, ingawa wengi huamua kwa kuangalia kilichobaki kwenye friji. Nikutambulishe kwa wanne.

Wa kwanza ni piranini. Huyu unamjua hata kama hamjatambulishwa: ndiye anayeng'aa kwenye kalamu nyingi za njano za kupigia mstari maneno ambayo hutayasoma tena. Kipaji chake ni kutofautisha maji na pombe, na kwa hilo nimewahi kumheshimu kuliko baadhi ya ndugu zangu. Akipigwa mwanga majini, anamtupia jirani protoni yake na kung'aa kijani, karibu na nanomita 515. Akiwa kwenye ethanoli hapati wa kumpokea mzigo, anabaki nao, anang'aa buluu. Sasa fikiria sufuria yetu: mwanzoni maji yanaliwa na ethanoli inaongezeka, kwa hiyo buluu inapanda, baadaye silikoni zinaposhikana maji kiasi yanarudi, na jeli ikiachwa ikauke, ethanoli inatangulia kuondoka na kijani kinajitokeza tena. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Israel na wa Los Angeles waliwatumia wambea wa ukoo huu kufuatilia habari hizo bila kufungua chupa.

Wa pili ni rodamini 6G, mwenye rangi ya sharubati ya ukwaju ukiwa umezidisha, na mng'aro wa manjano inayoelekea chungwa. Mwaka 1984 David Avnir, David Levy na Renata Reisfeld walimfungia ndani ya jeli ya silika na kuona kwamba, akiwa humo, anastahimili mwanga kuliko anavyostahimili kwenye maji. Shika neno hili: rodamini 6G ana chaji chanya. Piranini ana chaji hasi. Uso wa silika, ukishapita pH ya 2 hivi, una chaji hasi. Nitarudi hapa, na nikirudi nitakuwa na hasira.

Wa tatu ni pairini, molekuli yenye pete nne, isiyopenda maji na isiyopenda upweke. Akiwa peke yake anang'aa zambarau kwa vilele vitano vyembamba, na urefu wa kilele cha kwanza ukilinganishwa na cha tatu unakuambia majirani zake ni wa hulka ya maji au ya mafuta. Akikutana na pairini mwenzake wakati mmoja wao amemeza mwanga, wanakumbatiana na kung'aa buluu pana, karibu na nanomita 480. Ukipima kukumbatiana kwao, unajua kama wanaweza kutembeleana. Mwaka 1986 Kaufman na Avnir, Jerusalem, walimfuata pairini kutoka umajimaji mpaka jeli kavu. Ubaya wake ni mmoja: oksijeni humnyamazisha. Usipoifukuza kwa naitrojeni, utakachopima ni uvivu wako.

Wa nne ni kinini. Ndiyo, kinini ya malaria, inayotokana na magome ya miti iliyopandwa hata kule Kivu. Nenda na chupa ya maji ya toniki kwenye duka lenye ile taa ya kukagulia noti bandia, iweke chini ya taa, na mwenye duka atakuonyesha mlango huku chupa ikiwaka buluu. Nani asingependa kutumia mbea anayenunuliwa dukani? Nilimtumia. Nilitia asidi hidrokloriki kuharakisha jeli, nikaona mng'aro wa kinini ukizimika kila nilipoongeza asidi, nikaandika kurasa 6 kuhusu namna kuta za silika zinavyomfunika kinini na kumzima. Nilikuwa kwenye ukurasa wa 7 niliposoma kwamba kloridi humzima kinini hata kwenye bilauri ya maji matupu yasiyo na punje ya silika. Kama unataka kurasa 6 za bure, njia hii naipendekeza kwa moyo wote.

Hatua ya tatu: weka kidogo. Anayeanza huongeza rangi mpaka chombo kipendeze kama Fanta, kisha anashangaa kwa nini mng'aro umepungua. Molekuli za mbele zinameza mwanga wote kabla haujafika katikati, za nyuma zinakaa gizani, na zilizosongamana zinazimana zenyewe. Ukiona rangi waziwazi kwa macho, huenda umeshazidisha. Kikundi cha wambea kikizidi, ujue hawasemi tena habari za mtaa. Wanasemana wao kwa wao.

Hatua ya nne inahitaji ukae kitini, kwa sababu ndiyo tamu kuliko zote.

Chukua pia ya mtoto, ile ya kuzungusha. Ukiizungusha kwenye bakuli la maji inaenda. Kwenye asali inachoka. Ukiigandisha kwa gundi kwenye tofali, haizunguki tena isipokuwa tofali lizunguke. Molekuli ya rangi ni pia hiyo. Ukiipiga mwanga ambao mitikiso yake yote imeelekezwa juu-chini, zitakazomeza ni zile zilizolala upande huohuo. Kama hazikuzunguka kabla ya kutema mwanga, mwanga utatoka ukiwa wa juu-chini. Kama zimezunguka, utatoka umechanganyika pande zote. Tofauti ya mielekeo hiyo inaitwa anisotropia, na Francis Perrin alieleza mwaka 1926 jinsi inavyofungamana na muda wa kuzunguka. Kwa kipimo cha kawaida haizidi 0.4, na ikiwa sifuri, pia imezunguka mpaka imesahau ilikotoka.

Rodamini 6G majini anachukua kama robo ya nanosekunde kuzunguka, na anakaa na mwanga wake kama nanosekunde 4. Anazunguka kwa nafasi zake zote, anisotropia inakaribia sifuri. Sasa mnatishe kwenye chembe ya silika yenye nusu-kipenyo cha nanomita 2. Chembe hiyo kwenye maji inachukua kama nanosekunde 8 kuzunguka, na mbea aliyeidandia inabidi azunguke kwa mwendo wa tofali lake. Anisotropia inapanda. Muda wa kuzunguka unafuata ujazo, na ujazo unafuata nusu-kipenyo kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo chembe ikikua mara mbili tu, muda unakua mara 8. Ndiyo maana mwaka 2000 David Birch na Chris Geddes, Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, waliweza kupima ukuaji wa chembe za nanomita kwenye jeli ya maji-kioo kwa kumtazama mbea akichoka, bila hadubini.

Hesabu hiyohiyo inakuambia na mahali pa kuishia. Chembe yenye nusu-kipenyo cha nanomita 4 inahitaji zaidi ya nanosekunde 60 kugeuka, na mbea wako anaishi 4. Kumuuliza habari za mzunguko huo ni sawa na kumuuliza kumbikumbi, aliyetoka ardhini jioni baada ya mvua, kiangazi kilikuwaje. Atajibu. Kompyuta itachora mstari kupitia jibu lake, na itakupa namba yenye desimali tatu. Ziandike zote tatu.

Na ukipata anisotropia ya 0.7, usijiulize maswali. Shangilia, mwite msimamizi wako, piga picha ya skrini. Mwenye wivu atakuambia kwamba jeli ilianza kuwa na ukungu, kwamba kilichoingia kwenye kipimo ni mwanga wa taa yenyewe uliogonga chembe na kuruka bila kupita kwa mbea yeyote, na kwamba mwanga wa namna hiyo unabeba anisotropia inayofika 1. Ni kweli tupu, lakini amekosa adabu.

Kuna na wambea ambao hukuwaalika. Ukipiga mwanga wa nanomita 350 kwenye maji, utaona kilima kidogo karibu na 397. Mwenzangu mmoja alikipa jina, akakichorea muundo wa kikemia wenye silikoni tatu. Kilikuwa ni maji. Maji yanarudisha sehemu ndogo ya mwanga ikiwa imepungua kiasi kilekile cha nguvu kila mara, kwa hiyo ukisogeza taa, kilima kinasogea nayo kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake; rangi halisi ingebaki palepale. Na koti lako jeupe la maabara, lililofuliwa jana kwa sabuni ya unga inayong'arisha, limejaa rangi za buluu zinazofanya mashati yawake disko. Uzi mmoja ukidondokea chomboni, umeajiri mbea mpya. Dawa ya yote hayo ni kupima kwanza jeli isiyotiwa rangi, kazi inayokula siku nzima na kukupa mstari ulionyooka usiopendeza kwenye mkutano wowote, ndiyo maana wengi huifanya mwisho, baada ya kuandika.

Sasa turudi kwenye hasira yangu.

Msimamizi wangu alikuwa mtu wa swali moja. Kila Ijumaa angesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Jeli imeganda lini?"

"Profesa, inategemea anayeulizwa."

"Nimekuuliza wewe."

Nilikuwa na chupa mbili zenye jeli ya pishi moja, zilizomiminwa dakika moja, pH juu ya 4. Zote mbili niliziinamisha mbele yake, na zote mbili hazikumwaga hata tone. Kwa hukumu ya chupa zilikuwa zimeganda tangu asubuhi. Kwa kipimo cha mnato, mnato ulikuwa umekwenda kusikohesabika. Chupa ya kwanza ilikuwa na rodamini, na rodamini alikuwa amenata, anisotropia juu, ripoti ya kilio: huku hakuna anayesogea. Alianza kulia hivyo muda mrefu kabla chupa haijakubali kuganda. Chupa ya pili ilikuwa na piranini, na piranini alikuwa anazunguka kama kwamba hakuna jambo lolote lililotokea. Nikapima tena siku ya pili. Chupa imesimama kama jiwe, na mbea ndani anacheza.

Nilidhani nimeharibu. Nikabadilisha taa, nikabadilisha maji, nikamshuku fundi umeme. Kumbe wote wawili walikuwa wanasema kweli. Chukua dodoki la kuogea, lichovye kwenye ndoo, lishike juu. Dodoki limeshika umbo lake, huwezi kulimimina. Lakini maji yaliyomo kwenye matundu yake bado ni maji. Jeli mbichi ni dodoki hilo: wavu mwembamba wa silika, na sehemu kubwa ya ujazo ni maji na ethanoli. Rodamini, mwenye chaji chanya, anavutwa na uso hasi wa silika na kujibandika kwenye nyuzi za dodoki; anakupa habari za ukutani. Piranini, mwenye chaji hasi, anasukumwa na ukuta na kubaki katikati ya tundu. Anakupa habari za uani. Chupa iliyoinamishwa haijui la ukutani wala la uani, inajua tu kwamba dodoki limefika kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili.

Mpishi wa halua ya Unguja hana taabu hii. Anakoroga, mwiko unakuwa mzito, anaepua, anamimina kwenye vikapu. Mwiko ndio hakimu wake wa pekee na hakuna anayemwandikia kumuuliza iliki ilikuwa na maoni gani.

Nilimweleza Profesa habari ya dodoki. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Sawa," akasema. "Sasa kwenye jedwali, chini ya 'muda wa kuganda', utaandika saa ngapi?"

Hapo ndipo hatua ya tano inapoingia, na ninaitoa bure ingawa mimi niliilipia miaka miwili: muulize mbea mmoja tu. Ukitaka jeli iliyoganda mapema, ajiri rodamini, na usimtaje piranini hata kwenye shukrani. Ukitaka kusema kwamba jeli ni maji yaliyovaa nguo, ajiri piranini. Ukimleta wa pili, utalazimika kueleza kwa nini hawakubaliani, na maelezo hayo yatageuka kuwa sayansi yenyewe, yakakuchelewesha. Kama umeshika tabia mbaya ya kutaka kujua, basi waweke wote, mmoja mmoja katika chupa yake, na uinamishe chupa pia, kisha kwenye jedwali uandike saa tatu tofauti, kila moja na jina la aliyeisema. Niliandika hivyo. Mkaguzi wa nje alizungushia duara kwa kalamu ya njano, na nikapata faraja ndogo kujua kilichokuwamo kwenye ile kalamu.

Hatua ya sita imekwama ndani ya kuveti.

Kuveti ni kichupa cha pembe nne kinachobeba sampuli kwenye mashine. Za plastiki ni rahisi na za kutupa, ila plastiki nayo ina mng'aro wake ukiipiga mwanga wa zambarau. Za kwazi ni safi kama machozi, na bei ya moja ilizidi ya simu niliyokuwa nayo. Maabara yetu ilikuwa na mbili, zikilindwa na mzee wa stoo aliyeziorodhesha kwenye daftari lenye jalada jeusi. Niliazima moja Alhamisi kabla ya Pasaka, nikamimina sampuli ya rodamini nipime mara moja niioshe. Umeme ukakatika. Nikasema nitarudi jioni. Nilirudi Jumanne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuveti yangu?"

"Ipo, mzee."

"Kwamba ipo najua. Nauliza kama ni tupu."

Kwazi ni silika. Jeli ni silika. Ni ndugu wa tumbo moja, na ukiwaacha pamoja siku tano wanashikana mikono kwa viungo vilevile vinavyoshikilia jeli yenyewe. Niliifinya, nikaitia maji moto, nikaichokoa kwa sindano. Nikawaza magadi makali ya moto, yanayoyeyusha silika. Nikakumbuka kuveti nayo ni nini. Asidi hidrofloriki ndiyo kabisa usiiguse, inakula kioo na inakula mifupa. Chochote kitakachoitoa jeli kitaitoa na kuveti. Mzee alifungua daftari lake, akaandika mbele ya jina langu neno moja, "imejaa", akaiweka kuveti dirishani.

Pale dirishani, kifuniko wazi, jeli ilifanya kile ambacho jeli zote hufanya. Ilitoa jasho, ikasinyaa, ikapasuka katikati, ikajibandua ukuta mmoja baada ya mwingine. Mimi nilishapata shahada, nikaondoka, nikaanza kufundisha mahali pengine. Nilipita kusalimu mwaka juzi. Mzee alikuwa amestaafu lakini bado anakuja asubuhi kwa sababu hamwamini aliyempokea. Hakuniuliza habari za kazi. Alinyoosha mkono dirishani, akaichukua kuveti, ufa mwembamba umepita upande wake mmoja, akaitikisa karibu na sikio langu. Ndani, kipande cha rangi ya ukwaju, kikubwa kama punje ya hindi, kilicheza kama mbegu ndani ya kayamba.

Akatoa mfukoni kitaa cha kukagulia noti, akakiwasha, akakisogeza. Kipande kikang'aa chungwa.

"Huyu bado anasema," akaniambia. "Wewe ndiye uliyeacha kumsikiliza. Na kuveti bado iko kwenye jina lako."